Tela halisemi: kwa nini matairi ya karavani hupasuka kuliko ya gari, na namna ya kuyatunza

Tulikuwa kwenye barabara kuu ya I-10, magharibi mwa Texas, kati ya Sonora na Ozona. Ilikuwa Julai, tunaelekea Hifadhi ya Taifa ya Big Bend, pikapu mbele na karavani yetu, yaani tela la kulala safarini, nyuma. Lori likatupita, dereva akawasha taa za hatari na kupiga honi mfululizo. Mke wangu akaniuliza, "Baba Saumu, huyu anatuambia nini?" Sikujua. Usukani ulikuwa umetulia mkononi, gari linavuta kama kawaida. Nilipoegesha pembeni na kuzunguka nyuma, tairi la kushoto la ekseli ya nyuma lilikuwa limebaki mbavu mbili na rimu. Kashata zote, yaani mpira wenye mifereji unaogusa barabara, zilikuwa zimebanduka, zikachapa chini ya sakafu, zikakata waya wa breki na kung'oa bati la juu ya gurudumu. Kwa uharibifu ule, tulikuwa tumekwenda hivyo kilomita kadhaa bila habari.

Gari lako husema nawe muda wote. Tairi la mbele likipungua upepo, usukani unavuta upande. Likivimba, unatetemeka. Likipasuka, mwili mzima unajua. Tela halina njia ya kukufikishia habari hizo. Kinachoungana nawe ni chuma kimoja cha kuvutia, na pikapu yenye nguvu humeza kila mtikisiko. Isitoshe, magari madogo mapya Marekani yanalazimika kisheria kuwa na kifaa cha kuonya upepo ukipungua tangu modeli za mwaka 2008, lakini matela hayamo katika sheria hiyo. Ndiyo maana karibu kila hatua nitakayoeleza ni namna ya kulipatia tela mdomo, ili likwambie linaumwa wapi kabla halijaanguka.

Kwanza elewa mzigo unavyokaa

Chukua gari dogo la kawaida lenye matairi ya alama ya uzito 94. Kila moja lina uwezo wa kilo 670, kwa hiyo manne yanabeba kilo 2,680. Gari lenyewe, likijaa abiria na mabegi, mara nyingi halifiki kilo 2,100. Kuna akiba ya kutosha.

Sasa njoo kwenye karavani ya ekseli mbili za pauni 3,500 kila moja, mpangilio ulio kwenye karavani nyingi za ukubwa wa kati. Matela mengi ya aina hiyo yaliuzwa na matairi ya ST205/75R14 ya daraja C, yenye uwezo wa pauni 1,760, yaani kilo 798 kila moja. Mawili kwa ekseli ni pauni 3,520. Ekseli imepimwa kwa 3,500. Tofauti ni pauni 20, kilo 9 tu. Sufuria kubwa la pilau na mtungi mdogo wa gesi vinaimaliza akiba yote. Tairi linaanza safari likiwa tayari limefika mwisho wa uwezo wake, na linatakiwa libaki hapo kwa saa nane katika jua la Julai.

Tairi lililozidiwa au lenye upepo mdogo hukunjika zaidi ubavuni kila linapozunguka. Kule kukunjika na kujinyoosha huzaa joto ndani ya mpira, na joto ndilo linaloachanisha mpira na mikanda ya chuma iliyo chini ya kashata. Halipasuki kwa sababu ya shimo ulilopita dakika hiyo. Limekuwa likifa tangu asubuhi, pengine tangu mwaka jana.

Hatua ya kwanza: soma ubavu wa tairi

Shika tochi, lala chini, usome maandishi yote. Herufi ST mwanzoni zina maana kwamba tairi limetengenezwa kwa ajili ya tela: ubavu wake ni mgumu zaidi, kwa sababu linabeba mzigo lakini haliendeshi wala halielekezi. Tairi la P, la gari la abiria, likifungwa kwenye tela, uwezo wake ugawanye kwa 1.1 kabla ya kuliamini. Hili nawasisitizia hata jamaa zangu wa nyumbani wanaochongesha tela kwa fundi juu ya ekseli ya gari kuukuu: ile kilo 670 niliyoitaja inakuwa 609.

Tafuta herufi ya daraja la mzigo. C hujazwa upepo mpaka PSI 50 (pauni kwa inchi ya mraba), D mpaka 65, E mpaka 80. Kisha herufi ya mwendo. Tairi la ST lisilo na herufi ya mwendo lichukulie kuwa mwisho wake ni maili 65 kwa saa, kilomita 105. L ni kilomita 120, M ni 130, N ni 140.

Mwisho tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho wa mstari wake. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, na fundi akiligeuza zinakuwa ndani, ndiyo maana nikasema ulale chini.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, nami nilikuwa mmoja wao. Tairi la gari tunalihukumu kwa kashata: zikiisha, limekuwa kipara, tunabadilisha. Tairi la tela huzeeka kashata zikiwa bado ndefu. Kwenye mpira huchanganywa dawa ya kuukinga na ozoni ya hewani, na dawa hiyo husambaa na kutoka juu ya ngozi ya tairi pale linapozunguka na kukunjika. Karavani iliyokaa uani miezi tisa haizunguki. Jua linachoma upande uleule kila siku, uzito umekaa mahali palepale, mpira unakauka na kuanza kupasukapasuka nyufa nyembamba kama za udongo wa bwawa lililokauka. Mimi hubadilisha matairi yote ikifika miaka mitano, hata kama ukiyatazama yanang'aa. Na spea pia, maana lina umri uleule.

Hatua ya pili: nenda mizani

Usikadirie. Pakia kila kitu kama unavyosafiri, vyombo, nguo, maji, gesi, baiskeli za watoto, kisha nenda mizani. Vituo vikubwa vya malori Marekani vina mizani ya kampuni ya CAT Scale. Unalipa kidogo, unapewa karatasi yenye uzito wa kila kundi la ekseli. Uzito ulio juu ya ekseli za karavani ulinganishe na jumla ya uwezo wa matairi yake. Kama mzigo umepita asilimia 85 ya uwezo huo, mimi ningepunguza mzigo au kupanda daraja la tairi.

Lakini karatasi ile haikwambii kila gurudumu limebeba nini, na humo ndimo jibu letu lilimokuwa limejificha. Karavani haina mizani ya haki. Jiko, friji na chumba kinachotokeza nje mara nyingi vyote viko upande mmoja. Baada ya safari ile nilitafuta mahali wanapopima gurudumu mojamoja. Tairi la kushoto nyuma lilikuwa limebeba kilo 840, wakati uwezo wake ni 798. La kulia, ekseli ileile, lilikuwa na 690. Ukijumlisha na kugawanya kwa mbili unaona kila kitu kiko sawa, na tairi la kushoto linaendelea kuuawa.

Tangi la maji la galoni 40 likijaa ni kilo 150 hivi. Tukienda mahali penye bomba, siku hizi tunasafiri na lita za kunywa na za choo tu, mengine tunajaza tukifika. Vyakula vya makopo nilivihamishia makabati ya kulia. Hayo mawili peke yake yalilishusha tairi la kushoto chini ya uwezo wake.

Angalia pia tela limekaaje ukilitazama kwa ubavu. Linatakiwa lilale sawa na barabara. Pua ikiwa juu, mzigo unahamia ekseli ya nyuma. Ikiwa chini, unakuja ya mbele. Kurekebisha urefu wa tufe la chuma linaloshikia tela kwenye gari ni kazi ya nusu saa.

Hatua ya tatu: upepo, asubuhi, kabla jua halijapiga

Pima tairi likiwa baridi, yaani halijatembea kwa muda wa saa tatu na halijachomwa na jua. Kwenye karavani kuna kibandiko nje, upande wa kushoto mbele, kinachoonyesha upepo unaotakiwa, na kwa matairi ya ST mara nyingi ni sawa na kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Jaza hicho. Upepo utapanda barabarani kadiri tairi linavyopata joto, na hilo limeshahesabiwa na waliolitengeneza. Kosa linaloua ni kufika kituoni mchana, kupima, kuona 57 kwenye tairi la 50, na kupunguza. Umelinyang'anya tairi la moto kinga yake.

Kama unapanda daraja, kutoka D kwenda E, usiishie kwenye tairi. Geuza rimu usome uwezo wake kwa nyuma, uzito na upepo. Na valvu ya mpira ya kawaida imetengenezwa kwa PSI 65 mwisho. Ukienda 80, mwambie fundi afunge ya chuma.

Kisha nunua vihisi vya upepo vinavyofungwa kwenye valvu, vyenye kioo kidogo cha kuweka mbele ya dereva. Kama bajeti yako inaruhusu kitu kimoja tu katika mwongozo huu wote, nunua hicho. Vinaonyesha upepo na joto la kila tairi, na vinapiga kelele likianza kuvuja. Kwa karavani ndefu chukua seti yenye kifaa cha kuongezea mawimbi, la sivyo habari za ekseli ya nyuma zitakatikakatika.

Hatua ya nne: nati

Gurudumu la gari kwa kawaida hukaa juu ya mdomo wa habu, kile kitovu linachofungwa, unaolishika katikati. Magurudumu mengi ya tela hayagusi habu kabisa. Kinacholiweka katikati ni nati zenyewe, zile zenye ncha ya koni. Ukikaza nati moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, gurudumu limekaa mshazari na wewe huoni. Baada ya maili 30 linajirudisha lenyewe mahali pake, nati zinabaki zimelegea. Ongeza rangi mpya iliyo kati ya rimu na habu, ambayo inasagika na kuacha nafasi, na utaelewa kwa nini karavani mpya ndizo za kuangaliwa zaidi.

Kaza kwa mtindo wa nyota, ukiruka kutoka nati moja kwenda ya upande wa pili, katika mizunguko mitatu, na spana yenye kipimo. Kwa boliti za nusu inchi viwango vya kawaida ni futi-pauni 20 hadi 25, kisha 50 hadi 60, kisha 90 hadi 120, yaani mwisho wake ni kati ya newton-mita (Nm) 120 na 160. Kitabu cha tela lako ndicho chenye neno la mwisho. Usipake mafuta wala grisi kwenye boliti, maana vipimo hivyo ni vya boliti kavu. Ukipaka, utakaza kupita kiasi bila kujua. Halafu simama baada ya maili 10, 25 na 50 ukague tena. Nimewahi kuona nati mbili zikizunguka robo nzima kwenye maili 25, na nilizikaza mwenyewe.

Hatua ya tano: beringi

Zifungue na uzipake grisi upya kila miezi 12 au maili 12,000, chochote kitakachotangulia. Inua tela kwa jeki chini ya fremu, weka stendi. Usiinue kwenye bomba la ekseli, linapinda. Toa kikombe cha vumbi, pini, nati na washa, kisha vuta ngoma nzima ya breki. Beringi ya nje itakuja mkononi. Ya ndani imeshikwa na sili ya mpira; ing'oe na uitupe, utaweka mpya.

Osha kila kitu mpaka chuma king'ae. Sasa tazama kwa makini, mahali penye mwanga. Vichwa vya beringi, vile vichuma vinavyozunguka ndani yake, viwe vya rangi ya fedha, laini. Ukiona rangi ya bluu, vimeungua. Ukiona vitobo kama vya ndui, vimekwisha, na ringi yake iliyo ndani ya habu nayo ibadilishwe, kwa kuwa viwili hivyo vimechakaa pamoja. Kisha weka bonge la grisi kwenye kiganja cha kushoto, shika beringi kwa mkono wa kulia, upande mpana ukitazama chini, na uigonge kwenye ukingo wa bonge, ukiivuta kuja kwako, mpaka grisi itokeze upande wa juu kati ya vichwa. Zungusha kidogo, rudia. Kiganja kinaumiza, lakini hakuna sehemu inayobaki kavu.

Ukirudisha, kaza nati ya katikati kwa futi-pauni 50 huku ukizungusha ngoma, ili beringi zikae. Legeza bila kuzungusha ngoma. Kaza tena kwa vidole tu, weka pini. Kuna ekseli zenye chuchu ya kupigia grisi bila kufungua. Ni nzuri, lakini ukisukuma haraka na bila kuzungusha gurudumu, grisi inapita sili na kulowanisha breki. Mimi bado hufungua.

Kwa wenye matela ya boti, kuanzia Kilifi mpaka Bagamoyo, beringi ndiyo roho yote. Habu iliyotoka barabarani ikiwa moto, ikizamishwa ghafla baharini, inapoa, hewa ya ndani inasinyaa, na maji ya chumvi yanavutwa kupitia sili. Subiri ipoe kabla ya kushusha boti, na fungua beringi mara nyingi zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Hatua ya sita: namna ya kuendesha

Kwenye sehemu za I-10 huko magharibi mwa Texas kibao kinasema 80, maili. Kibao hicho kimeandikiwa magari. Siku ile nilikuwa nakwenda 72 nikiona nawaheshimu wenzangu nyuma, kwenye matairi ambayo mwisho wake ulikuwa 65. California imeliweka wazi: anayevuta tela lolote mwisho ni maili 55. Uingereza karavani kwenye barabara kuu za motorway mwisho ni 60. Mimi sasa nakwenda 60 hadi 62 popote, njia ya kulia, na malori yananipita.

Kona kali ni adui mwingine, na hili ni la tela lenye ekseli mbili. Magurudumu ya mbele ya gari hugeuka yakafuata kona. Ya tela hayageuki. Mwambie mwenzio alivute tela polepole kwenye kona nyembamba ya kituo cha mafuta, wewe simama pembeni utazame. Matairi ya ekseli ya mbele yanasukumwa upande mmoja, ya nyuma upande wa pili. Mbavu zinakunjwa mpaka kashata zinaonekana zikijitokeza pembeni mwa rimu, mpira unalia, na saruji inabaki na alama nyeusi. Kule kuvutwa kwa mshazari ndiko kunakoachanisha mikanda ya ndani. Chukua kona pana. Ukirudi nyuma kwenye eneo la kambi, ukishaingia, songa mbele mita mbili tatu kwa usawa ili matairi yajinyooshe, ndipo uweke kabari.

Kona hiyohiyo hulivuta tela ndani zaidi ya gari, likapanda ukingo wa barabara. Dereva anasikia mtikiso mdogo. Ukingo umeshavunja nyuzi ndani ya ubavu, na uvimbe utaonekana wiki mbili baadaye.

Kila ukisimama, zunguka tela lote. Weka mgongo wa mkono karibu na kila habu, kisha kila tairi. Unachotafuta ni tofauti: ya upande wa jua itakuwa na joto zaidi, hilo ni la kawaida, lakini habu moja ikiwa ya moto kuliko jirani yake upande uleule, ni beringi au breki inayong'ang'ania. Tairi moja likiwa moto kuliko jirani yake, pima upepo papo hapo.

Likipasuka

Usikanyage breki kwa nguvu. Achia mafuta taratibu, shika usukani unyooke, tafuta pembezoni palipo pana na pagumu. Usilikate tela kutoka kwenye gari. Gari ndilo nanga yako. Weka kabari, toa pembetatu. Kwa tela la ekseli mbili, njia rahisi ni kupandisha gurudumu zima la upande uleule juu ya mbao nene, au ngazi ya plastiki ya kazi hiyo, mpaka lililopasuka lining'inie. Legeza nati kabla halijaning'inia. Kabla ya kuondoka chungulia chini: bomba la gesi, waya za breki, sakafu. Kama bomba limeguswa, funga mitungi.

Kuna jambo moja wengi hawalijui. Tairi lililo jirani na lililopasuka, upande uleule, limebeba mzigo wa matairi mawili kwa muda wote uliokuwa unaendesha bila kujua. Kwa nje litakuwa zima. Libadilishe nalo. Sisi tulifunga spea, tukaenda maili 45 kwa saa mpaka Fort Stockton, na fundi wa duka la matairi akakataa kabisa kulirudisha lile la kushoto mbele, ingawa nilimwambia lina miezi kumi na nne tu. Akalitoa kwenye rimu, akachukua kisu na kulikata mbele yangu. Chini ya kashata zilizokuwa nzima, mkanda wa chuma ulikuwa umeachana na mpira, upana wa kiganja changu, na mahali hapo mpira ulikuwa umegeuka rangi, laini, unabanduka kwa kidole.